Seli Kati ya Kufa na Kuishi: Funzo la Chikungunya ya Newala

Katika miaka ya 1952 na 1953 maradhi yasiyojulikana kwa waganga yaliwashika wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, katika lililokuwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mgonjwa alipatwa ghafula na homa kali, na viungo vikamuuma hata akashindwa kusimama wima. Jina la maradhi hayo lilitokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda au kukunjamana, nalo ni chikungunya, jina ambalo leo latumika duniani kote. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, Uganda, alieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana, na katika taarifa yake aliutaja mlipuko huo kwa jina la Newala, wilaya ambamo ndimo ilimo Mkunya.

Wagonjwa walio wengi hupona katika muda wa wiki moja au mbili. Hata hivyo, wako ambao viungo vyao huendelea kuuma kwa miezi, na pengine kwa miaka, ingawa kirusi hakionekani tena katika damu yao. Mkulima wa namna hiyo hawezi kushika jembe, wala kuinama kuokota korosho. Kwa nini maumivu yadumu hali adui amekwisha kuondoka? Ili kulikaribia jibu, hatuna budi kuingia ndani ya seli, yaani chembe hai zinazoujenga mwili, na kutazama jinsi inavyoamuliwa kwamba seli ife au iishi.

Kifo chenye utaratibu

Katika mwili wa mtu mzima mabilioni ya seli hufa kila siku, na kufa huko si ajali. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho apoptosisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yapukutikavyo mtini. Seli inayokufa hivyo hunywea, kisha vimeng'enya viitwavyo kaspesi huikatakata kutoka ndani. Mabaki yake hufungwa katika vifuko vidogo ambavyo humezwa na seli walaji bila ya kuwadhuru majirani.

Kifo hiki ni silaha pia. Kirusi hakiwezi kuzaliana nje ya seli hai. Kwa hiyo seli iliyoambukizwa ikifa mapema, kirusi hukosa karakana yake. Mfano wake ni mkulima afyekaye ukanda wa shamba lake ili moto usipite. Ukanda ule hupotea, bali shamba husalimika. Lakini mkulima anayefyeka bila kipimo atajikuta hana shamba la kulinda. Mwili nao ukiziua seli zake zote zilizoguswa na kirusi, misuli na viungo vitaharibika vibaya. Kwa sababu hiyo pamewekwa amri ya pili, yaani amri ya kuishi.

Vipokezi na ujumbe wa kuishi

Amri hiyo hutolewa kwa njia ya vipokezi vya kinga. Vipokezi ni protini zenye kazi ya kutambua dalili za hatari na kupeleka habari. Vingine vimekaa juu ya ngozi ya seli, vingine vimo ndani. Viwili vya ndani, RIG-I na MDA5, hutambua RNA ya virusi, ambayo umbo lake hutofautiana na RNA ya seli yenyewe. Vikiisha kuitambua, huijulisha protini iitwayo MAVS, iliyokaa juu ya mitokondria. Yafaa msomaji akumbuke kwamba mitokondria ndizo zinazotunza vitu ambavyo vikivuja huamsha kaspesi. Basi king'ora cha hatari na ufunguo wa kifo vimewekwa mahali pamoja.

Kutoka hapo ujumbe hugawanyika. Sehemu moja huiagiza seli itengeneze intaferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Intaferoni hutoka nje na kuwaonya majirani wajiandae. Sehemu ya pili huamsha protini iitwayo NF-kappa B, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi. Miongoni mwa jeni hizo zimo zinazotoa protini za kuzizuia kaspesi na kuzilinda mitokondria zisivuje.

Nguvu ya amri hii ilidhihirika mwaka 1996. Watafiti walizichukua seli zilizonyimwa NF-kappa B, wakazipa TNF, yaani protini ambayo seli za kinga hutumia kupashana habari za hatari. Seli hizo zilikufa. Seli zenye NF-kappa B zilipewa TNF ile ile, zikaishi. Kumbe kipokezi kimoja hubeba amri mbili, na amri ya kuishi ikinyamazishwa, hubaki ya kufa peke yake. Maana yake si ngumu kuiona: mlinzi akifa kabla ya kupiga mbiu, mji hautapata habari.

Kirusi cha chikungunya na amri hizo

Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na kipokezi cha intaferoni huugua chikungunya vibaya sana, hata kufa, hali panya wazima wenye kipokezi hicho huistahimili. Mwaka 2012 ilionekana kwamba seli zilizoambukizwa huanza kusaga na kutumia tena sehemu zake zenyewe, na kwa njia hiyo huchelewesha kifo chao.

Hata hivyo, kirusi nacho kina hila. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba chaweza kujificha ndani ya vifuko vya seli iliyokufa, kikamezwa pamoja navyo na seli walaji, na hivyo kuingia katika makao mapya. Tena mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliziwekea alama seli za panya zilizoguswa na kirusi, wakakuta baadhi yake, hasa zile zinazofuma tishu za ngozi na misuli, zingali hai baada ya miezi mitatu na zaidi. Ndani yake mlikuwa na RNA ya kirusi. RNA ya namna hiyo ndiyo iamshayo vipokezi tulivyovitaja. Ndiyo maana seli hizi zilizosalia zinashukiwa kuwa chanzo kimojawapo cha maumivu yasiyokwisha.

Hapa ndipo ugumu wa tiba ulipo. Kuishi kwa seli kumeiokoa tishu, na kuishi huko huko kwaweza kuacha makaa chini ya majivu. Dawa ya kuzizima ishara zote za kinga yaweza kutuliza maumivu, lakini ikitolewa mapema humwachia kirusi njia. Dawa ya kuziua seli zilizosalia nayo haina budi kuzichagua hizo tu, na kuziacha nyingine.

Hakuna bado dawa inayomwua kirusi huyu mwilini. Mgonjwa hupewa mapumziko, maji ya kutosha na dawa za kutuliza homa na maumivu. Kinga iliyo karibu na kila nyumba ni ile iliyofundishwa na Newala yenyewe. Uwanda ule una uhaba wa maji, na watu walilazimika kuyaweka akiba majumbani, humo mbu Aedes aegypti wakazaliana. Mbu huyu huuma mchana. Mtungi, pipa na tangi vifunikwe barabara, na vifuu na makopo yanayotuama maji yaondolewe. Seli ambayo kirusi hakikuifikia haina haja ya kuchagua kati ya kufa na kuishi.