Fungu la Mafunzo Ambalo Halipo

Wiki iliyopita swali lilinifikia tena pale Kamunyonge, hapa Musoma, hata baiskeli sijaiegesha. Mama mmoja muuza dagaa, katibu wa kikundi chao, alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na papo hapo akaanza: "Baba, fomu za ruzuku ya mafunzo zimetoka? Tunataka halmashauri itulipie wenzetu wanne wakasomee usindikaji." Mkononi ameshika andiko la mradi la kurasa 12, alilouziwa kwa shilingi 50,000.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi, na swali hili nimelijibu vibarazani, misibani na ndani ya daladala. Leo nalijibu kwa maandishi, ili kesho anayeniuliza nimpe gazeti akasome.

Fungu hilo halipo. Kile ambacho mitaani kinaitwa "pesa za asilimia kumi" ni mkopo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vilivyosajiliwa: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Niambie ni wapi hapo palipoandikwa ada ya chuo, posho ya semina au nauli ya kwenda Mwanza kujifunza.

Wengi wanaponzwa na hayo maneno "isiyo na riba". Wanasikia "isiyorudishwa". Deni lisilozaa bado ni deni: kikundi kilichochukua milioni 5 kitarudisha milioni 5, na fedha hiyo itakopeshwa kikundi kingine. Wengine wanaponzwa na picha. Siku ya kukabidhi mikopo huja viongozi, ngoma na hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, na kesho yake picha iko kila simu. Siku ya kurejesha, mweka hazina huenda benki peke yake na hakuna anayempiga picha. Mtaa umeona fedha ikitoka, haujaiona ikirudi, basi umehitimisha kwamba hairudi.

Piga hesabu kidogo. Tuseme halmashauri ina mapato ya ndani ya shilingi bilioni 3 yanayoingia kwenye hesabu hii. Asilimia 10 ni milioni 300. Vijana wa wilaya nzima, kuanzia waendesha bodaboda hadi wafuga kuku, wanagawana milioni 120. Hizo ni ushuru wa soko, leseni na tozo za mialoni, zilizokusanywa kwa jirani zako. Ukizimaliza kwenye semina ya siku tatu, mwezi wa kwanza wa marejesho utauza nini? Cheti hakina mteja sokoni. Mkopo hulipwa na biashara inayouza kitu, ndiyo maana kamati ya mikopo inauliza mauzo.

Tena tumeshaona kinachotokea watu wakiichukulia kama zawadi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilipoonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, mwezi Aprili 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, huku halmashauri 10 zikiteuliwa kujaribu njia ya benki. Hakuna hata moja ya mkoa wetu wa Mara, kwa hiyo mtu wa Musoma, Bunda au Butiama mlango wake umebaki halmashauri, akianzia kwenye kata. Waliolipia kosa lile ni vikundi vilivyokuwa vinarejesha vizuri. Vilikaa zaidi ya mwaka vikisubiri.

Sasa nirudi kwenye andiko la shilingi 50,000, maana maandiko ya aina hii yanauzwa kama karanga. Nimewahi kuletewa na vijana wa hapa andiko la "kuwajengea uwezo wakulima wa korosho". Korosho, Musoma! Aliyewauzia alilinakili kutoka huko kusini, akabadilisha jina la kikundi kwenye jalada na kusahau ukurasa wa nne. Anayekuambia ana mtu ndani atakayekupitishia andiko anauza asichokuwa nacho. Maombi yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, na yanapitia kamati inayokujua hadi mlangoni.

Utaniambia kuna jirani yako alisikia ruzuku ya ujuzi redioni. Alisikia sawasawa. Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi, uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ulitoa ruzuku za kweli. Lakini zilizoshindanisha maandiko zilikuwa taasisi za mafunzo, na mwananchi alinufaika kwa kupata nafasi ya kusoma. Hapo ndipo penye fundisho: fedha ya mafunzo hukufikia kama kiti darasani. Usitegemee kuishika mkononi.

Na wewe mwenye karakana unayelalamika kwamba unalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, halafu hurudishiwi kusomesha mafundi wako: ile hulipwa TRA na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Ni fedha ya taifa, sehemu yake inaiendesha VETA. Halmashauri haina senti yake. Ukitaka faida yake, peleka fundi wako darasani.

Basi fanyeni hivi. Fundi aliyejifunzia mtaani aende VETA hapa Musoma aulizie kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake. Anatoka na cheti bila kuanza darasa la kwanza. Mwenye muda mchache aulize kozi fupi. Kijana asiye na ada afuatilie matangazo ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi: uanagenzi, mafunzo kazini kwa wahitimu, urasimishaji. Waliochaguliwa hulipiwa na serikali. Walioko Bunda wana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Wafugaji na wavuvi wamwite afisa ugani, ndiyo kazi yake. Ujuzi ukishapatikana, sajilini kikundi, fungueni akaunti, wekeni akiba, tunzeni daftari, kisha ombeni mkopo wa mashine, chanja za kuanikia au jokofu. Darasa kwanza, mkopo baadaye.

Yule mama nilimrudishia andiko lake. Kurasa zake kwa nyuma ni nyeupe, nikamwambia aandike hapo hesabu za dagaa za miezi mitatu: walinunua ndoo ngapi, kwa bei gani, wakauza kwa bei gani. Hizo ndizo kamati itakazomuuliza.