Ala ni nguo ya safari, si nyumba ya kisu

MFANYABIASHARA wa mpakani hatoki nyumbani bila kisu. Akifika Busia au Malaba kuna kamba ya katani ya kukatwa, gunia la mahindi la kufunguliwa na robota la mitumba lililokazwa kwa nailoni ngumu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakutuambia linalompata mwenye kisu kikali ambaye mshono wa ala yake umeoza.

Jibu nililipata nikiwa nyuma ya bodaboda, nikirudi Mulanda kutoka sokoni. Gurudumu liliingia shimoni, sime iliyokuwa kiunoni ikasukumwa chini, ncha yake ikatokea ubavuni mwa ala na kuingia pajani mwangu. Nilibana jeraha kwa shati hadi zahanati, nikashonwa nyuzi saba. Muuguzi alinieleza kuwa kama ncha ingeingia upande wa ndani wa paja, ingeweza kukuta mshipa mkubwa wa damu, na pengine nisingefika kwake.

Sime hiyo ilikuwa ya marehemu baba. Tulikimbilia Kenya wakati wa vita vya miaka ya 1980, nami nikasomea huko tangu darasa la kwanza. Baba alilinda maduka usiku, na mlinzi mwenzake, Mmaasai, ndiye aliyemuuzia. Aliibeba zaidi ya miaka kumi bila kujikata hata mara moja. Mimi niliirithi, na msimu mmoja tu wa mvua ukanitosha kuiharibu. Wengi wetu tuliorudi nyumbani tulirudi na vitu vichache vya wazee wetu, na kisu huwa kimojawapo. Ndiyo maana naeleza makosa yangu, ili ndugu msomaji uyakwepe.

Adui ni unyevu

Sime ya Kimaasai hufuliwa kwa chuma cha kawaida, mara nyingi springi ya gari au tupa kuukuu. Chuma hicho hunoleka vizuri lakini hushika kutu upesi. Mpini huvikwa ngozi. Ala ni mbao mbili nyembamba zilizofunikwa kwa ngozi mbichi, yaani ngozi ambayo haikutiwa dawa ya kuilainisha. Hushonwa ikiwa imelowa. Ikikauka hujibana na kuzishika mbao, kisha hupakwa rangi nyekundu. Ikilowa tena hulegea, na ikikaa na maji huoza.

Katika mitumba unaweza kukuta pia visu vya ng'ambo vyenye mpini wa pete za ngozi zilizopangwa moja juu ya nyingine, mfano wa Ka-Bar ambacho kikosi cha wanamaji wa Marekani kilianza kukitumia mwaka 1942. Ala za visu hivyo nyingi ni za ngozi iliyotiwa dawa ya magome ya miti, kama yale ya miwati iliyokuwa ikilimwa sana upande wa Eldoret. Dawa ya magome ikikutana na chuma na unyevu hutoa doa jeusi. Ukiona weusi mdomoni mwa ala, jua chuma kimeanza kuliwa.

Huku Tororo mvua hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha hurudi kuanzia Agosti hadi Novemba. Katika miezi hiyo ngozi hufyonza unyevu hewani hata kama haikunyeshewa. Kisu kilichoachwa ndani ya ala ni sawa na kisu kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Kama ngozi ilihifadhiwa kwa chumvi, au kisu kimekata magunia ya samaki, kutu huja haraka zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ala ni nguo ya safari. Ukifika nyumbani, ivue. Baba alifanya hivyo kila asubuhi alipotoka kazini. Alifuta sime kwa kitambaa kikavu, akaiweka juu ya kabati, na ala akaitundika ukutani peke yake. Nikiwa mtoto nilidhani anatuficha sime tusiichezee. Kumbe alikuwa akifanya mambo mawili kwa mpigo. Nawe, kama una watoto, kifungie kisu ndani ya sanduku kikavu, na ala uiache penye hewa.

Kosa la jikoni

Siku moja nilinyeshewa njiani. Nilipofika niliitundika ala juu ya mafiga, kisu kikiwa ndani, nikidhani moshi utaikausha. Ngozi mbichi iliyolowa huanza kusinyaa joto likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na ikishasinyaa hairudi ilivyokuwa. Asubuhi ala ilikuwa imepinda na nyuzi zimevutika. Badala ya kumpelekea fundi viatu, niliipaka rangi ya viatu mpaka ikang'aa. Rangi ikaficha ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliutia ufa urembo, nikalipia kwa paja.

Ala ikilowa, toa kisu mara moja na ukifute. Futa ala kwa nje, ingiza kipande cha gazeti kikavu ndani, kisha itundike kivulini, mdomo ukitazama chini, mahali penye upepo. Badilisha gazeti linapolowa. Huenda ikachukua siku mbili au tatu. Jua kali na moto havifai. Ikiota ukungu, ifute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji, kisha uikaushe tena.

Mafuta gani?

Usipake oili chafu ya gari, maana ina masizi na asidi. Mafuta ya kupikia nayo huchacha, hunata na kukusanya vumbi. Kinachofaa ni nta ya nyuki. Chukua sehemu moja ya nta na sehemu mbili za mafuta ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda. Viyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta hushika moto.

Mchanganyiko ukipoa, paka kidogo sana kwa kidole juu ya ala na mpini, subiri saa moja, kisha sugua kwa kitambaa. Mara moja kila miezi mitatu inatosha. Ukizidisha, mpini utateleza mkononi na ala italegea. Ndani ya ala usipake kitu. Igeuze na kuigongagonga ili mchanga utoke, kwa sababu mchanga hukwaruza chuma na kuua makali.

Kutu changa huondoka kwa jivu laini na tone la mafuta, ukisugua kwa kitambaa. Mpini wa ngozi usiutumbukize majini kamwe. Tena, kisu cha namna hii usikifanye cha nyama ya nyumbani, maana ngozi hufyonza damu na haisafishiki vizuri. Jikoni tumia kisu cha mpini wa plastiki.

Kagua kabla ya safari

Kabla ya kufunga mkanda, fanya mambo matatu. Bonyeza mshono wote kwa kidole gumba, hasa karibu na ncha. Geuza ala juu chini uone kama kisu kinachomoka chenyewe. Tikisa mpini usikie kama unacheza. Kasoro moja ikitokea, kisu kisiende safari. Fundi viatu mwenye uzi wa nailoni uliopakwa nta anaweza kushona ala upya ukiwa unasubiri.

Unapovuka, kumbuka pia kuwa sheria ya Kenya inakataza kubeba silaha mahali pa umma bila idhini au sababu halali. Kisu cha kazi kikae ndani ya mzigo, ndani ya ala, si kiunoni. Na si sheria peke yake. Hapa Mulanda walipokelewa Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kabla ya wengi wao kuhamishiwa Kiryandongo mwaka 2008. Mtu aliyekimbizwa kwa sime haioni sime iliyo wazi kama chombo cha kazi, hata kama wewe umeishika ukakate kamba.

Sime ya baba sasa ina ala mpya. Ile ya zamani, yenye tundu ubavuni na rangi bado inang'aa, nimeitundika ukutani pale pale ninapovulia mkanda. Kila nikiiona nakumbuka kukitoa kisu kwanza.