Je, Wajua? Kroshia Haina Mashine

Hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi. Kila kofia ya kroshia halisi inayouzwa sokoni, hata ile ya bei ya chini kabisa, imepita mikononi mwa mtu: kitanzi baada ya kitanzi, kwa sindano moja yenye ndoano.

Utosi wa kofia hiyo mara nyingi huanza na vishono 6 tu. Mzunguko wa pili huwa 12, wa tatu 18, kisha 24. Mfumaji akiacha kuongeza, duara hujikunja lenyewe likawa kofia. Inapendeza kuitazama ikiumbika!

Matundu ya kofia hiyo si pambo tu. Uzi wa pamba hunywa jasho, upepo hupenya na kulikausha, kichwa kikapoa.

Mkanda wa kichwani wa kroshia ya pamba nao hufumwa mfupi kuliko mzingo wa kichwa. Sababu ni kwamba pamba ikivutika, hairudi kama sufu.