Utangulizi: Kupima Karata Kabla Hazijatimia

Tuanze mezani, kwenye poka ya Texas Hold'em. Mkononi una ree ya uru na malkia wa pau. Mgawaji amefunua karata tatu za pamoja: tatu ya kopa, nne ya pau na jeki wa kopa. Mbili bado. Mwenzako naye ana zake mbili, kazifunika. Wewe huna hata jozi, na mchezo huu hauna turufu ya kukuokoa. Je, una nguvu au huna?

Swali hilo ndilo lililozaa kitabu hiki, na linajibika kwa penseli. Pakiti ina karata 52. Tano umeziona, zimebaki 47. Kutoka humo, karata mbili za mwenzako zinaweza kupatikana kwa namna 1,081. Zipange. Zinazokushinda kwa sasa, yaani za mwenye jozi au zaidi, pamoja na ree na mfalme, ni 444. Zinazolingana na zako ni 9. Zilizobaki, 628, ziko chini yako. Ukiihesabu sare kuwa nusu ya ushindi, unapata asilimia 58.5. Kila ninapoifanya hesabu hii ubaoni darasa hunyamaza, kisha mtu huomba turudie tangu mwanzo. Nami hurudia kwa furaha.

Sasa zirudishe karata zako, ushike tisa na nane za kopa. Kwa wakati huu ni karata tupu. Karibu kila mtu anakupita. Lakini kopa nne ziko mbele ya macho yako, na tisa zimo bado kati ya zile 47. Uwezekano wa angalau kopa moja kutokea katika karata mbili zijazo ni takriban asilimia 35, nawe utakuwa na tano za kopa. Kwa hiyo nguvu ni mbili: nguvu ya sasa na nguvu tarajiwa. Anayepima ya kwanza peke yake atatupa karata nzuri. Anayeota ya pili peke yake atalipia ndoto.

Kuzipima zote mbili kwa ukamilifu ni kazi ya kompyuta. Kwa kila namna ya mwenzako, karata mbili za mwisho zinaweza kuja kwa njia 990. Jumla ni hali 1,070,190. Darse Billings na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliieleza njia hii mwaka 1998, wakaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha taaluma: zile namna 1,081 hazina uzito sawa. Mtu aliyepandisha dau mapema ni nadra kuwa na saba na mbili. Kila anachofanya mezani kinabadilisha hesabu yako, na asilimia 58.5 inaweza kushuka kabla hata karata ya nne haijafunuliwa.

Mzizi wa fikra hii ni wa zamani. Mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau mchezo ukikatizwa kabla ya kwisha. Walitazama yale ambayo yangeweza kutokea, wakayahesabu. Nasi tunafanya hivyohivyo.

Wasomaji wengi wanaishika dini inayokataza kamari, na wengine wameona nyumba zikifilisika kwa sababu yake. Nawaheshimu. Hakuna ukurasa humu unaohitaji senti mezani. Tunachojifunza ni kuamua wakati habari hazijatimia.

Kabla hujaifungua sura ya kwanza, tafuta pakiti ya karata. Toa zile tano za mfano wa kwanza, zitandaze mbele yako, kisha zihesabu zile 444 mwenyewe. Usiniamini mpaka uzifikie.