TB haikai kwenye sahani

“Tumtengee sahani na kikombe chake?” Karibu kila familia inayoambiwa mmoja wao ana kifua kikuu huanza na swali hilo, ingawa Robert Koch alitangaza bakteria wa ugonjwa huu tangu mwaka 1882. Jibu ni hapana. TB ya mapafu hupita hewani: mgonjwa akikohoa, hata akiongea, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoweza kuelea chumbani kwa saa kadhaa, na anayezivuta huzifikisha kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Kijiko hakifiki huko. Makohozi yaliyogandia kikombe hayarudi kuelea kirahisi, na sabuni na maji vinatosha kukiosha pamoja na vikombe vya wengine. (Cha kuogopa mezani ni maziwa mabichi ya ng’ombe mwenye TB; hayo yachemsheni.) Utaambiwa kutenga vyombo hakumdhuru mtu, ni tahadhari tu. Kunadhuru, tena mara mbili. Familia inajiona salama kwa sababu sahani ina mahali pake, kumbe usiku watoto wanalala na mgonjwa huyo huyo, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi. Naye anayelishwa pembeni anaelewa upesi kwamba ugonjwa wake ni aibu. Atakwepa kliniki, na dozi ya miezi 6 itakatikia njiani.

Wapo wanaokumbusha kwamba zamani wagonjwa walipelekwa Kibong’oto, Kilimanjaro, wakae mbali na watu. Kweli, lakini hapo dawa zilikuwa bado. Zilipopatikana, watafiti wa Madras, India, walilinganisha waliotibiwa hospitalini na waliotibiwa majumbani mwao, katika nyumba maskini zilizosongamana. Matokeo ya kwanza yalitoka 1959, na familia zikafuatiliwa miaka 5: waliobaki na mgonjwa wao hawakuugua zaidi ya wale ambao mgonjwa wao aliondolewa. Sehemu kubwa ya maambukizi ilikuwa imeshatokea kabla ya matibabu, wakati kila mtu akisema ni kikohozi cha vumbi.

Kinachotengwa, basi, ni pumzi, tena kwa muda. Fungueni madirisha, mgonjwa alale chumba chake wiki za mwanzo za dawa, avae barakoa akiwa na wengine ndani, azibe mdomo akikohoa. Wote wa nyumbani wapimwe, wakianza watoto chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, ambao huweza kupewa dawa za kinga. Mwenye TB sugu asihesabu wiki mwenyewe. Kliniki ndiyo itakayomwambia lini haambukizi tena.