HATI YA MZIGO KWA NJIA YA KOMPYUTA

Chama cha msingi kinapopeleka kahawa ya maganda katika kiwanda cha kukoboa, mali ya wanachama huwa mikononi mwa dereva. Tangu lori liondoke ghalani hadi mzigo upimwe kiwandani, shahidi wa mali hiyo ni hati ya mzigo. Endapo magunia 40 yametoka na 39 yakapokewa, hati iliyoandikwa jumla peke yake haiwezi kueleza ni gunia lipi limepotea wala lilikuwa na uzito gani. Hasara hurudi chamani, na mwishowe hupunguza malipo ya mkulima ambaye hakuwapo lori lilipopakiwa.

Chama chenye kompyuta chaweza kuitengeneza hati hiyo kwa programu ya majedwali, kama vile Excel, au LibreOffice Calc ambayo hupatikana bila malipo. Kazi yenyewe si ngumu kwa katibu aliyezoea leja.

Mpango wa Hati

Mistari ya juu iandikwe jina la chama, namba ya hati, tarehe, namba ya lori na jina la dereva. Mstari wa 5 uwe na vichwa vya safu: A, namba ya gunia, B, aina, yaani robusta au arabika, C, uzito pamoja na gunia, D, uzito wa gunia tupu, E, uzito wa kahawa yenyewe. Kila gunia lipewe mstari wake, hivyo magunia 40 yatachukua mstari wa 6 hadi wa 45.

Katika E6 iandikwe =C6-D6, kisha inakiliwe hadi E45. Gunia likiwa na kilo 51, na gunia tupu kilo 1, kompyuta itaandika 50 yenyewe. Katika E46 iandikwe =SUM(E6:E45) ili kupata jumla ya kilo, na katika C46 =COUNT(C6:C45), ambayo huhesabu magunia yaliyopimwa.

Mambo ya Kuangaliwa

Kwanza, katika safu za uzito iandikwe tarakimu tu. Katibu akiandika "51 kilo", kompyuta itayaona kuwa ni maneno. Itatoa alama ya kosa #VALUE!, na gunia hilo halitahesabiwa. Pili, gunia la 41 likiongezwa chini ya jumla, halitaingia katika jumla hiyo. Mstari mpya uingizwe katikati ya mistari iliyopo, na kanuni ya safu E inakiliwe humo. Tatu, kila hati ihifadhiwe peke yake kwa namba yake, wala hati mpya isiandikwe juu ya ile ya zamani.

Saini Ndiyo Ushahidi

Kompyuta hujumlisha bila kuchoka, lakini haiuoni mzani. Ikipewa uzito wa uongo, itatoa jumla ya uongo iliyo safi. Tena, tarakimu zilizomo ndani yake zaweza kubadilishwa bila kuacha alama ya kufutwa kama ile ya wino. Kwa sababu hiyo, hati ichapwe kabla lori halijaondoka, nakala tatu: ya chama, ya dereva na ya kiwanda. Katibu na dereva watie saini mbele ya mzigo. Mpokeaji kiwandani apime, aandike alichokipata, atie saini katika nakala zote mbili zilizosafiri, na ile ya dereva irudishwe chamani.

Hati yenye kosa isitupwe. Iandikwe "Imefutwa" na kuhifadhiwa, kisha itolewe nyingine yenye namba inayofuata. Namba zikifuatana bila pengo, mkaguzi na mwanachama yeyote wataweza kuufuata mzigo toka ghalani hadi kiwandani.

Inafaa basi kila katibu aweke nakala zilizorudi katika jalada moja, na kulileta mbele ya mkutano mkuu wanachama watakapouliza kahawa yao ilikwenda wapi.