Mali Bila Daftari: Barua Pepe na Biashara za Meru na Embu

Asubuhi moja ya Julai, hapa Manchester, nilikuwa kituoni nangoja basi simu ilipolia. Ilikuwa barua pepe kutoka kwa mkaangaji kahawa ambaye huwa nanunua kwake. Kichwa chake kilikuwa maneno matatu tu: "Embu imerudi tena." Ndani alieleza kwamba magunia mapya yamefika kutoka miteremko ya Mlima Kenya, kahawa ya aina za SL28 na SL34, iliyolimwa na wakulima wadogo na kuuzwa kupitia chama chao cha ushirika. Kabla basi halijafika nilikuwa nimeshalipa pauni 12 kwa pakiti ya gramu 250.

Pakiti hiyo hutokana na karibu kilo 2 za matunda mabichi ya kahawa. Mama aliyeyachuma na kuyabeba hadi kiwandani hanijui, na chama chake hakinijui. Anayenijua ni mkaangaji. Ana jina langu, anwani yangu, na anakumbuka nilichonunua mara ya mwisho. Msimu ujao ataniandikia tena, nami nitanunua tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kahawa ni yetu, daftari la wanywaji ni lake.

Leo nataka kueleza daftari hilo, yaani orodha ya barua pepe, lilitoka wapi, na kwa nini naamini wafanyabiashara wa nyumbani, kuanzia Timau hadi Kiritiri, wanapaswa kuwa na lao.

Mapacha waliozaliwa siku moja

Barua pepe ya kwanza kusafiri mtandaoni kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilitumwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani. Ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Miaka 7 baadaye, Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwatumia watu wapatao 400 tangazo la kompyuta mpya bila kuwauliza. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao walimkaripia. Lakini wapo walionunua, na Thuerk alikuja kusema kwamba mauzo yalifikia mamilioni ya dola. Siku hiyo walizaliwa mapacha: uuzaji kwa barua pepe, na barua taka.

Tangu hapo sheria zimekuwa zikijaribu kuwatenganisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 ililazimisha kila tangazo liwe na njia ya msomaji kujiondoa. Ulaya ilikaza zaidi masharti ya idhini kuanzia Mei 25, 2018. Februari 2024, Google na Yahoo nazo zilianza kuwabana wanaotuma barua kwa maelfu: wajitambulishe ipasavyo, na msomaji aweze kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Atakayelalamikiwa sana, barua zake hazitafika.

Sisi tuliruka ngazi

Intaneti ilianza kuuzwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, na makao yake yalikuwa Nairobi. Ilipofika Meru mjini na Embu mjini, tuliikuta saiba, tukilipia kwa dakika. Kabla wenye maduka hawajaizoea, simu ikawapita mbio. M-Pesa ilianza Machi 2007, kisha WhatsApp ikafika, na biashara zetu zikahamia humo moja kwa moja. Barua pepe ikabaki chombo cha ofisi, cha kuombea kazi, kusajili PIN ya kodi ya KRA na kufuatilia mkopo wa masomo wa HELB.

Hata hivyo anwani zipo. Mwenye PIN ya KRA aliandika anwani ya barua pepe alipojisajili, na wengi wenye simu ya Android walifunguliwa Gmail siku ya kwanza. Tuna sanduku, ila hatujazoea kulitumia kuuzia.

Kilichompata dada yangu

Dada yangu anakaanga makadamia Nkubu na kuziuza kwa pakiti. Kwa miaka kadhaa duka lake lilikuwa ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Siku moja aliamka akakuta ukurasa umefungwa. Aliandika, akangoja, akaandika tena. Haukurudi. Picha zilipotea, na hilo halikumliza. Kilichomliza ni wateja: hakuwa na jina la hata mmoja wao mahali pengine popote.

Hakuwa wa kwanza kuonja hilo. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6. Kwa saa hizo, biashara iliyotegemea mitandao hiyo pekee ilikuwa imefungwa. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni kibanda kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Orodha ya barua pepe ni shamba lenye hati: kampuni unayotumia kutuma ikikuudhi, unahama na majina yako yote.

Tulianza upya na kaunta buku. Kila aliyenunua aliulizwa, "Ungependa nikuandikie msimu mpya ukianza?" Aliyekubali aliandika anwani kwa mkono wake mwenyewe. Tuliongeza fomu ya Google kwa walio mbali. Barua yake ya kwanza ilikwenda kwa watu 19, na ilisema hivi:

"Muga! Msimu umefunguliwa, na wiki hii tumepokea makadamia za kwanza kutoka Abogeta na Igoji. Tunakaanga Jumanne na Jumatano. Mizigo ya Nairobi inapanda matatu Alhamisi asubuhi. Ukitaka, jibu barua hii useme pakiti ngapi. Usipotaka kuandikiwa tena, niambie, nitakuondoa na hatutagombana."

Itazame tena barua hiyo. Inataja zilikotoka, inataja siku, na inaomba jambo moja tu. Hakuna aliyejiondoa, na walioagiza walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia.

Faida iko wapi hasa?

Kwanza, gharama. Ujumbe mfupi wa simu hulipiwa mmoja mmoja, na kuupeleka ng'ambo ni ghali zaidi. Barua pepe kwa watu 19 au 900 hula bando dogo, na kampuni nyingi za kutuma barua hutoa huduma ya bure kwa orodha ndogo.

Pili, majira. Mazao yetu yana msimu. Uvunaji wa makadamia hufungwa mwisho wa mwaka ili njugu changa zisichumwe, na kahawa ina zao kuu na zao dogo. Mteja wa mbali hawezi kukumbuka kalenda ya Imenti au Runyenjes. Barua humkumbusha siku ambayo mzigo uko tayari, si kabla wala baada.

Tatu, mteja anayerudi. Mwenye nyumba ya wageni hupokea watu wanaoelekea Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, au Mbuga ya Meru alikozikwa Elsa, simba maarufu aliyelelewa na akina Adamson. Mgeni huyo akiondoka huenda asirudi kwa miaka miwili. Asipoandikiwa, atatafuta upya mtandaoni na kumwangukia jirani.

Nne, maarifa. Dada huona nani hujibu barua, nani huagiza, nani amenyamaza. Anapoamua akaange kilo ngapi, anaamua akiwa na daftari mbele yake.

Pasipofaa

Nisiwadanganye. Miraa ya Maua na muguka ya Mbeere ni biashara ya simu na gari la mbio, kwa sababu majani hayangoji mtu afungue barua. Mama wa mboga sokoni Gakoromone anawaona wateja wake kila siku. Hao, WhatsApp na sauti zao zinawatosha. Barua pepe inamfaa mwenye mteja wa mbali, mwenye bidhaa inayodumu na habari ya kusimulia: kahawa, makadamia, asali ya Mbeere na Tharaka, malazi.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara, na faini kwa kampuni yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea kilicho kidogo. Si vitisho vya karatasini. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Kwa hiyo usinunue orodha ya majina, na usichukue anwani kutoka kitabu cha wageni wa harusi. Uliza, uandike tarehe uliyokubaliwa, na anayetaka kuondoka umwache aondoke.

Ndugu zangu wa ughaibuni, hapa tuna kazi. Sisi ndio wateja wa mbali wanaofikika kwa urahisi kuliko wote. Tunaijua ladha, tunazijua njia, na tuna marafiki wa kuwaonjesha. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, muulize shangazi mwenye mizinga, binamu mwenye vyumba vya wageni au katibu wa chama cha ushirika kama ana orodha ya wateja. Akisema hana, mwambie afungue daftari leo, na jina la kwanza aandike lako.